D21 Si Umri

Sisi wa Tunduma neno "ng'ambo" hatulionei shida. Ng'ambo ni Nakonde, na Nakonde ni hapo tu: unavuka na kapu lako, unauliza bei kwa kwacha, unarudi kabla maharage hayajaiva. Mpaka wenyewe waliuchora Waingereza na Wajerumani, kwanza mezani Ulaya mwaka 1890, kisha 1901 wakakubaliana mstari upite wapi hasa, na Wanyamwanga wakajikuta wako pande zote mbili bila kuhama. Kwa hiyo mpwa wangu alipopata nafasi ya kusoma Sweden, nyumbani ilibidi tutafute neno lingine. Tukasema yuko ughaibuni. Kusema yuko ng'ambo kungewafanya majirani waulize anarudi saa ngapi.

Usiku mmoja akaniletea ujumbe wa sauti. "Shikamoo mjomba. Nimejiunga na klabu hapa chuoni, wanakimbia msituni na ramani na dira. Jumapili kuna mashindano. Fomu inataka nichague klasi, na klasi zenyewe zimejaa ukurasa mzima. Nichague ipi?" Ikafuata picha: D16, D18, D20, D21, D35, D40, zikaendelea hivyo mpaka kwenye miaka ya bibi zetu, halafu chini kabisa mistari mingine isiyo na herufi wala namba, imeandikwa kuwa ni ya wazi: rahisi sana, rahisi, wastani, ngumu.

Riziki yangu mimi ni fomu. Nina steshenari ndogo, nachapa, natafsiri, nawajazia watu makaratasi, na katika mji wa forodha herufi na namba ndiyo lugha ya pili. Dereva akisema gari lake ni la IT, hakuna anayeuliza herufi hizo zinasimama badala ya nini; ni gari linalopita tu kwenda nchi jirani, basi. Kijana anayetafuta kazi ya lori anaulizwa kama leseni yake ina daraja E, wa basi anaulizwa C. Herufi moja inamweka mtu mahali pake. Kwa jeuri hiyo niliitazama picha ile chini ya dakika moja. D, nikagundua, ni kifupi cha neno la Kiswidi la wanawake. Ishirini na moja ni miaka. Naye alikuwa ametimiza 21 mwezi uliopita. Nikamjibu kwa sauti ya mtu mzima: "Mwanangu, hilo dogo. D21. Hata halihitaji kufikiriwa."

Jumapili usiku akapiga. "Mjomba, nimerudi." Akanyamaza kidogo. Huyu ni binti aliyekimbia mita 3,000 kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mapafu yake yamelelewa kwenye vilima vya Mbozi. Mapafu hayakumsaidia kitu. Alama ya kwanza aliipata. Ya pili aliitafuta dakika arobaini. Ya tatu aliikuta kwa bahati akiwa bado anaitafuta ya pili, akarudi nyuma, kisha akatokea kwenye ziwa ambalo kwa hesabu zake lilipaswa kuwa mgongoni mwake. Aliporudi, saa tatu baada ya kuanza, waandaaji walikuwa wanakunja hema, na bibi mmoja wa miaka sabini na kitu, aliyekwisha kumaliza zamani na kubadili nguo, akammiminia kikombe cha kahawa. Bibi ndiye aliyemfafanulia.

"Mjomba, kumbe 21 si umri."

Si umri. Katika mchezo huu vijana wanahesabiwa kwenda juu mpaka 20: msichana anabaki ndani ya D20 hadi Desemba 31 ya mwaka anaotimiza miaka 20. Wakubwa, wa kuanzia 35, wanahesabiwa kwa upande mwingine: unaingia D35 Januari mosi ya mwaka unaotimiza 35, hata kama ulizaliwa mkesha wa Krismasi. Katikati imekaa 21, nayo ni jina la mahali palipo wazi kwa kila anayejiona anaweza, awe wa miaka 17 aliye hodari au wa 50 aliye mkaidi. Ndiko wanakokimbia mabingwa wa dunia. Nilikuwa nimemtuma mwanafunzi wa wiki tatu kwenye mbio za mabingwa kwa sababu tu niliona namba nikadhani ni miaka. Rafiki yangu mmoja, mpenda mbio, alipoisikia habari hii akasema yeye angedhani ni kilomita 21, nusu marathoni. Kosa lake lingekuwa na faida: lingemwogopesha binti, asiende.

Nami ningepaswa kujua, maana ni mtu wa Songwe. Uwanja wa ndege wa Songwe uko Mbeya. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una wilaya iitwayo Songwe, lakini makao makuu ya mkoa yako Vwawa, wilayani Mbozi. Mito inayoitwa Songwe nayo ni miwili: mmoja ni mpaka wetu na Malawi unaokwenda kuishia Ziwa Nyasa, mwingine unashuka kuelekea Ziwa Rukwa. Mgeni anayeshuka ndege Songwe akipiga simu kwamba amefika, tunamwambia apande basi. Tumezoea kuishi na majina yasiyosema yanachosema, ila ya wenzetu tunayaamini neno kwa neno.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiitafutia hii "klasi" Kiswahili chake, na kila neno nililolishika lilikuja na mzigo wake. Darasa nililiacha mapema, lina ubao na chaki. Daraja lilinishawishi zaidi, kwa sababu ndilo la leseni, ndilo la tiketi ya TAZARA pale stesheni, la kwanza, la pili, la tatu, na ndilo la matokeo ya kidato cha nne. Lakini tazama lilivyo: kwa Kiarabu lilikotoka ni hatua ya kupandia, ngazi. Daraja lina juu na lina chini, na aliye chini ana aibu yake. Sijawahi kukutana na mtu anayesimulia kwa furaha daraja la nne alilopata. Ukimwambia Mtanzania achague "daraja rahisi", atachagua gumu ili asichekwe, kisha atapotea msituni na heshima yake. Tabaka ndiyo kabisa. Neno hilo lilifanya kazi nzito miaka ya Azimio la Arusha, liachwe lipumzike. Kundi halina ubaya, ila ni la mbuzi na la WhatsApp pia.

Kwa siku mbili nililipenda neno ngeli. Wanaisimu wanatuambia asili yake ni Kihaya, na maana yake ni aina ya kitu. Kuna uzuri kulitoa darasani likakimbie msituni. Tatizo ni kwamba ngeli zetu hazijali mke wala mume: mwanamke, mwanamume, dereva na mbuzi wake wote wamo A-WA, wote ni "amekuja". Mchezo huu unaanzia pale pale ambapo sarufi yetu inanyamaza, herufi ya kwanza kabisa ni kusema wewe ni mke au mume. Ngeli nikairudisha shuleni.

Nililobaki nalo ni rika. Rika mtu halipandi kwa kufaulu wala halishuki kwa kufeli, analifikia kwa kuishi. D16 ni rika, D35 ni rika, na yule bibi wa kahawa ana rika lake ambalo hakuna kijana anayeweza kumnyang'anya. Linatosha kila mahali isipokuwa mahali pamoja, nako ni kule kule kwenye 21. Pale nimeandika "rika huria", kwa huria ile ya Chuo Kikuu Huria, na najua ni kama kusema maji makavu. Rika likishakuwa huria si rika tena. Lakini kama usiku ule ningemwambia binti "hili ni rika huria la wanawake", angeniuliza huria vipi, na swali hilo lingemwokoa. Namba haikumpa nafasi ya kuuliza.

Ile mistari ya chini ya fomu, ya wazi, haina rika hata kidogo. Pale unachagua ugumu, na hapo Kiswahili kiko tayari, hakihitaji kamati. Kinachohitaji tahadhari ni kwamba ugumu wa mchezo huu si wa miguu. Sisi mbio tunazipima kwa kilomita, tano, kumi, ishirini na moja, arobaini na mbili, na tukisikia ngumu tunawaza ndefu. Kumbe msafara rahisi unafuata vijia, alama zake zinakaa kwenye njia panda na pembeni mwa ua, na unaweza kuwa mrefu wa kumchosha mtu. Mgumu unakutoa kwenye vijia, unakuacha na mistari ya mwinuko tu, na unaweza kuwa wa kilomita tatu zitakazokula asubuhi yako yote. Mtu mwenye miguu ya UMISSETA na macho mapya anafaa aanze na rahisi, mrefu kadiri apendavyo. Nimeyaandika maneno mawili, ugumu na masafa, kwenye karatasi moja nikamtumia, yakiwa mbali mbali ili asiyachanganye.

Nimetoka kusema "msafara", na hapo nimejisaliti, kwa sababu neno hilo nilishalikataa. Neno la pili, lile la kinachokimbiwa, ndilo lililonisumbua zaidi. Mwanzoni niliandika njia. Binti akanirudishia: "Hapana mjomba, njia najichagulia mwenyewe." Akanielezea. Kwenye ramani kuna pembetatu ya kuanzia, vimduara vyenye namba, na duara la mistari miwili la kumalizia. Vimeunganishwa kwa mistari iliyonyooka, lakini hakuna mwenye akili anayeifuata, maana katikati kuna kinamasi, kilima, genge. Kilichopangwa ni alama na mfuatano wake. Jinsi ya kutoka moja kwenda nyingine, kukwea kilima au kukizunguka, ni juu yako, na ndio mchezo wenyewe.

Nikaelewa kwa kutazama dirishani. Lori la kutoka Dar es Salaam linapita mizani ya Vigwaza, Mikese, Wenda, Makambako, Uyole, mwisho Mpemba hapa kwetu, na mfuatano wake haubadiliki. Huo ni mpangilio bila njia, kwani barabara ni moja na dereva hana la kuchagua isipokuwa mahali pa kula. Upande wa pili kuna yule anayevuka na mifuko miwili ya bidhaa bila kupita kwenye dirisha la forodha. Yeye anajua anakotoka na anakokwenda, na kila kilicho katikati anakipanga kichwani: nyumba ya nani, uchochoro upi, nani amesimama wapi leo. Tunaiita njia ya panya. Sisifii, wala sina hakika serikali ingefurahi kusikia kwamba mji wetu una vipaji vya mchezo huu. Nasema tu kwamba Tunduma neno njia linajulikana maana yake kamili: ni kile unachokipata kwa akili yako kati ya sehemu mbili ulizopewa. Likibaki kwa mkimbiaji, litakuwa limekaa kwake.

Basi kile kinachopangwa na waandaaji kiitweje? Kozi imechukuliwa na vyuo vya ufundi. Ruti ni ya daladala, nayo ina lami yake. Mkondo ni wa maji, na siku hizi wa shule, kidato cha pili mkondo B. Msafara, ulionitoka hapo juu, una watu wengi wanaokwenda pamoja, na mchezo huu kila mtu anaanza peke yake, kwa dakika yake. Nilichochagua kiko nje ya mlango wangu siku foleni ya forodha ikikwama: msururu. Msururu ni vitu vilivyofuatana, cha kwanza, cha pili, cha tatu, bila kusema unapitaje kutoka kimoja hadi kingine. Na unatusaidia kusema jambo ambalo fomu ile ililificha: marika mawili yanaweza kukimbia msururu mmoja. Wanawake wa 60 na wanaume wa rika la juu zaidi wanaweza kupewa msururu ule ule na bado kila rika likawa na mshindi wake. Rika linajibu wewe ni nani. Msururu unajibu utatafuta nini. Klasi ilikuwa imejibu yote kwa herufi moja na tarakimu mbili.

Msururu wa nini, sasa? Wengi wangesema vituo. Sikulipenda, kwa sababu kituo kimetokana na kutua, na hapa hakuna anayetua. Mtu anafika, anagusisha kidude kilichofungwa kidoleni, kinalia pi, ameshaondoka. Kigingi kilikaribia, lakini kuwekewa vigingi ni kuzuiwa. Nikakumbuka bikoni. Mtu yeyote aliyewahi kununua kiwanja kilichopimwa anaijua bikoni: ina namba, iko kwenye ramani, na ukifika uwandani huioni. Unaanza kuhesabu hatua kutoka kwenye mti, unafukua majani kwa mguu, mzee wa mtaa anasema ilikuwa hapa hapa. Sisi wa mpakani tunazijua zaidi, maana kuna nchi mbili zilizoshikiliwa na bikoni. Ya mchezo ni kitambaa cha rangi ya chungwa na nyeupe kilichotundikwa porini, lakini tabia ni hiyo hiyo.

Na kila bikoni inakuja na maelezo ya ilipo, nayo, kwa raha ya wapenda maneno, hayana neno hata moja. Ni alama za kuchora zinazofanana dunia nzima. Jiwe kubwa ni pembetatu nyeusi. Kimondo cha Mbozi, chuma cha zaidi ya tani kumi kilichoanguka kutoka angani, tunachowapelekea wageni kwa majivuno, kwenye karatasi ile kingekuwa pembetatu nyeusi tu, na kijistari cha kuonyesha kitambaa kiko upande gani. Shida ya lugha inaishia kwenye fomu. Ukishachagua vibaya, alama zitakupoteza bila kukudanganya.

Rangi, hata hivyo, zinadanganya. Binti aliniambia sehemu kubwa ya ramani yake ilikuwa nyeupe, naye akaifuata kwa furaha akidhani ni uwanda, kama ramani za jiografia za kidato cha tatu ambapo msitu ni kijani. Akajikuta ndani ya misonobari. Kwenye ramani hizi nyeupe ndiyo msitu, msitu unaopitika kwa mbio. Uwazi ni manjano. Kijani ni vichaka, na kadiri kinavyokolea ndivyo unavyopaswa kukikwepa. Mistari ya mwinuko ni kahawia, rangi ambayo mtoto wa Mbozi hana haja ya kuambiwa ilipata wapi jina, na msururu wenyewe unachapwa kwa zambarau. Halafu misururu nayo hupewa majina ya rangi, na huko ndiko nchi zinakopishana. Sweden kijani ni ya mtoto anayeanza. Uingereza anayeanza anapewa nyeupe, na kijani ni fupi lakini ngumu kabisa. Mtu akihama na rangi yake kutoka Stockholm kwenda London ataingia mahali pasipo pake, kwa ujasiri wote. Mimi kwenye kijitabu ninachoandikia maneno haya rangi sikuzitafsiri. Nimeandika mbele ya kila moja: uliza ugumu.

Desemba alinitumia dira kwa mkono wa mtu. Nzuri, ya kioo, inakaa kiganjani. Niliiweka juu ya meza ya steshenari, sindano ikatetemeka, ikajaribu kuzunguka, ikakwama. Ncha ya kusini ilikuwa inakwaruza chini. Nikadhani imevunjika safarini. Binti ndiye aliyenielewesha kwamba sindano za dira zinasawazishwa kwa sehemu ya dunia zitakakotumika, kwa kuwa sumaku ya dunia haivuti kwa usawa tu, inavuta na kwa chini, na huku kusini mwa Ikweta inavuta ncha tofauti na ya kule. Nikiinamisha kiganja kidogo, inazunguka vizuri. Nimeiweka hapo hapo mezani. Wateja wakiuliza ni nini nasema dira, na mzee mmoja, mstaafu wa halmashauri, akanitazama akaniuliza kama ni ile ya Taifa, ya 2050.

Mwezi uliofuata kulikuwa na mbio nyingine. Safari hii sikuulizwa. Alijiandikisha mwenyewe kwenye mistari ya chini, ya wazi, rahisi, kilomita nne na ushei, na jioni ujumbe wake wa sauti ulikuwa na upepo na vicheko nyuma yake. Wenyeji wake, akasema, mtu akikosea bikoni wanaliita kosa hilo "bom".

"Kwa hiyo mjomba, leo bomu moja tu. Dakika nne."